Nyeusi, Ndiyo. Lakini Ni Grafini?

Dakika ya kumi hivi, rangi inahama. Chupa iliyoingia kwenye maji ya moto ikiwa na kimiminika kama chai ya rangi inaanza kukolea, inakuwa kahawia ya udongo, na baada ya muda mfupi huoni tena mwanga ukipita upande wa pili. Nyeusi tii. Hakuna moshi wala kishindo. Ni joto la 95 °C tu, vitamini C kidogo na matone machache ya amonia. Mtu anachukua kalamu ya wino mzito, anaandika kwenye lebo: GRAFINI.

Lebo hiyo imenikaa kichwani wiki kadhaa.

Grafini ni ukurasa wa kaboni wenye unene wa atomu moja. Oksidi ya grafini ni ukurasa wa aina hiyo uliobandikwa oksijeni, na ndiyo iliyoingia kwenye chupa ile; vitamini C iliwekwa ili kuiondoa oksijeni hiyo. Aliyeandika lebo hakudanganya. Maelekezo mengi ya kuondoa oksijeni kwenye oksidi ya grafini huishia hapohapo: rangi imegeuka, kazi imekwisha. Kinachonisumbua ni kwamba weusi ule unaweza kupatikana kwa njia nyingi, na baadhi yake hazina uhusiano wowote na ubora wa kilichomo. Kibaya zaidi, sehemu kubwa ya ubora huo iliamuliwa siku nyingi kabla vitamini C haijafunguliwa.

## Maji yakimwagika

Tuanzie kwenye asidi, ambamo kinywe (grafiti, kaboni ya kwenye penseli) hugeuzwa kuwa oksidi ya grafini, kwa sababu huko ndiko jambo lenyewe linakoharibikia.

Njia ya Hummers na Offeman ya mwaka 1958 ilitumia asidi ya salfuriki, nitrati ya sodiamu na pamanganeti ya potasiamu. Ilikuwa ya haraka, ila nitrati ile hutoa gesi ya kahawia ya nitrojeni dioksidi, ambayo hakuna mtu mwenye mapafu anayeitaka. Mwaka 2010 maabara ya James Tour kule Houston ilichapisha njia isiyo na nitrati, na ndiyo inayofuatwa na wengi leo: kinywe gramu 3, pamanganeti gramu 18, asidi ya salfuriki mililita 360 ikichanganywa na asidi ya fosfori mililita 40. Mchanganyiko hukorogwa kwa saa 12 kwenye 50 °C, hupozwa, kisha humwagwa juu ya barafu yenye mililita 3 za haidrojeni peroksidi ya asilimia 30. Kimiminika hugeuka njano ya dhahabu. Kikibaki na rangi ya tope, manganizi haijayeyuka yote, na peroksidi inahitaji kuongezwa tone kwa tone.

Pamanganeti huingizwa kidogo kidogo, na kipimajoto hakitoki kwenye chupa. Ukiimimina kwa pupa, ndani ya asidi kali hujitengeneza mafuta ya kijani iliyoiva, heptoksidi ya manganizi, ambayo hulipuka ikizidi 55 °C au ikikutana na kitu cha kikaboni. Ile 50 °C ya kwenye maelekezo imekaa digrii tano tu chini ya mstari huo. Na mwishoni ni asidi inayomwagwa juu ya barafu, kamwe si maji ndani ya asidi.

Lakini mlipuko ni hatari ambayo kila mtu huiogopa. Kuna hasara nyingine ya kimyakimya.

Oksijeni inapojibandika kwenye ukurasa wa kaboni, mara nyingi hukaa kama epoksidi au haidroksili, vikundi vidogo vya atomu vyenye oksijeni, na ukurasa wenyewe hubaki mzima. Joto likizidi au muda ukirefushwa, oksijeni haitosheki na kujibandika. Inang'oa kaboni na kuondoka nayo kama kaboni dioksidi, na pale palipokuwa na atomu panabaki tundu.

Hapa ndipo nilipoanza kuitilia shaka ile chupa nyeusi. Vitamini C huondoa oksijeni. Haidrazini, kemikali nyingine ya kazi hiyo, huondoa oksijeni. Hakuna hata kimoja kati yao kinachorudisha kaboni iliyokwisha kuondoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwaka 2013 Siegfried Eigler na wenzake nchini Ujerumani walionyesha kwamba uoksidishaji ukishikiliwa chini ya 10 °C, mifupa ya kaboni hubaki karibu kamili, na grafini inayopatikana baada ya kuondoa oksijeni huwa bora waziwazi. Bei yake ni muda: barafu ya kutwa nzima na subira ya kukoroga.

Ukubwa wa chembe nao una neno lake. Kinywe cha Mahenge, wilayani Ulanga, kinasifika sokoni kwa mabapa makubwa, na muuzaji atakutajia saizi ya mesh 80, yaani mikromita 180 hivi, kama sifa. Kwa kazi hii sifa hiyo ina gharama. Pamanganeti huingia ukingoni na kusogea polepole kuelekea katikati, kwa hiyo bapa kubwa likipewa muda wa bapa dogo hutoka likiwa na moyo wa kijivu ambao haujaguswa. Ukiona vipande vinavyometameta chini ya chupa baada ya peroksidi, hiyo ni kinywe iliyobaki kinywe. Ongeza saa, usiongeze joto.

## Kuosha, kazi isiyo na mwenyewe

Makala za kitaalamu huandika "ikaoshwa" na kuendelea. Neno hilo moja linaweza kumla mtu wiki nzima.

Osha kwanza kwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 10, siyo kwa maji. Asidi hutoa ayoni za manganizi na potasiamu, na wakati huohuo huzuia oksidi isivimbe. Chukua mililita chache za maji ya kuoshea, dondoshea kloridi ya bari: zikitoka nyeupe kama maziwa, salfeti bado ipo, rudia. Zikibaki safi, ndipo uhamie maji yaliyokenekwa.

Kuanzia hapo mambo hubadilika kwa namna inayowashangaza wageni wa kazi hii. Kadiri chumvi na asidi zinavyopungua, oksidi inavimba. Kile kilichokuwa kinatulia chini ndani ya dakika tano sasa kinakuwa uji mzito kama wa muhogo, hakitulii hata mashine ya kuzungushia ikienda kasi, na karatasi ya chujio inaziba kabisa. Hilo halimaanishi umekosea. Ni dalili kwamba uoshaji umefika mahali pazuri. Acha chujio, tia kwenye mfuko wa dayalisisi, ambao hupitisha chumvi na kuzuia kurasa, weka ndani ya ndoo ya maji safi, badilisha maji kila siku kwa wiki moja.

Usikaushe kama huna sababu. Oksidi iliyokaushwa haitawanyiki tena vizuri majini, na ile iliyobaki na chumvi za potasiamu inaweza kushika moto na moto ukasafiri wenyewe kutoka chembe hadi chembe. Ukilazimika, 40 °C kwenye utupu inatosha. Tanuri ya 150 °C na kuendelea, hasa ikipanda kwa kasi, inaweza kuitupa sampuli nzima ukutani kama masizi.

## Kipimo cha haidrazini

Kihistoria, kiondoa oksijeni ambacho vingine vyote hulinganishwa nacho ni haidrazini. Hanns-Peter Boehm na wenzake waliitumia Ujerumani tangu mwaka 1962 na kupata kurasa nyembamba mno za kaboni kwenye darubini ya elektroni, miaka 42 kabla watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester hawajabandua grafini kwenye kinywe kwa utepe wa gundi. Neno lenyewe grafini lilipendekezwa na Boehm huyohuyo na wenzake mwaka 1986. Njia ya kemia ina ukongwe ambao watu huusahau.

Maelekezo yaliyosambaa zaidi ni ya kundi la Rodney Ruoff, Marekani, mwaka 2007: oksidi miligramu 100 ndani ya maji mililita 100, haidrazini ya maji mililita 1, 100 °C kwa saa 24. Uwiano wa kaboni kwa oksijeni ulipanda hadi 10.3. Lakini kilichotoka kilikuwa mabonge meusi yaliyozama. Kurasa zilipopoteza oksijeni zilipoteza pia mapenzi na maji, zikashikana zenyewe kwa zenyewe.

Mwaka uliofuata, 2008, Dan Li na wenzake huko Australia walibadilisha jambo dogo. Waliongeza amonia hadi pH ikafika 10 hivi. Makundi ya kaboksili (nayo ni ya oksijeni) yaliyobaki ukingoni mwa kurasa yakabaki na chaji hasi, kurasa zikasukumana, na kimiminika kikabaki cheusi bila kuganda. Haidrazini ilishuka hadi sehemu 7 kwa kila sehemu 10 za oksidi kwa uzito, na saa 24 zikawa saa moja kwenye 95 °C.

Amonia, na siyo sodiamu haidroksidi: hilo ni jambo la kusoma mara mbili. Amonia hupeperuka baadaye. Sodiamu hubaki, na chumvi yoyote majini hufunika zile chaji hadi kurasa zisionane kama maadui tena. Zikishakaribiana, zimeganda.

Haidrazini yenyewe ni sumu, inashukiwa kuleta saratani, na ikikosa maji inalipuka. Pia huacha nitrojeni ndani ya kurasa. Sampuli ya mwaka 2007 ilibaki na atomu moja ya nitrojeni kwa kila 16 za kaboni. Kwa hiyo hata mshindi wa zamani hakuwa akitoa kaboni tupu.

## Gramu 0.35

Fernández-Merino na wenzake, Uhispania, mwaka 2010, walipima viondoa oksijeni kadhaa na kuonyesha kwamba vitamini C hukaribiana sana na haidrazini. Vipimo vyao ni vya kufuatika hata na maabara ya chuo isiyo na vifaa vya bei kali.

Kwa lita moja: oksidi miligramu 100 iliyotawanywa vizuri, vitamini C gramu 0.35 (yaani milimola 2), amonia hadi pH 9 au 10, 95 °C, dakika 15.

Dakika 15. Hesabu inaanza maji ya ndani yakifika 95 °C, siyo chupa ikizamishwa. Lita moja huchukua muda kupata moto, na wengi hutoa chupa wakati kazi ndiyo kwanza imeanza.

Mpangilio nao una maana. Vitamini C ni asidi, hivyo pH uliyoipima kabla ya kuiweka siyo pH utakayopikia. Weka vitamini C kwanza, koroga, pima, ndipo udondoshe amonia. Kisha funika, au weka kipoza mvuke juu. Chupa iliyoachwa wazi kwenye 95 °C inapoteza amonia njiani. pH inashuka katikati ya kazi, na vipande vyeusi vinaanza kuelea kama majani ya chai. Ukiviona, kuongeza amonia hakuvirudishi. Mawimbi ya sauti yatavipasua kidogo, lakini kurasa zilizokwisha kulala pamoja haziachani tena vizuri.

Tumia unga safi wa asidi askobiki. Vidonge vya duka la dawa vina wanga, sukari na rangi, na vile vya kuyeyusha majini vina bikaboneti ya sodiamu, chumvi ileile tunayoikimbia. Nimeona swali hili likiulizwa mara nyingi kiasi cha kuamini kwamba kuna chupa nyingi zilizoganda kwa sababu ya ladha ya chungwa.

Na baada ya kupika, osha. Vitamini C iliyobaki, pamoja na mabaki yake, ina oksijeni sawa na kaboni yake kwa idadi ya atomu: sita kwa sita. Ukipeleka sampuli chafu kupimwa, utalaumu njia ilhali kosa ni la kuosha.

## Wengine, kwa kupita

Sodiamu borohaidraidi hushughulikia kabonili vizuri na huziacha haidroksili nyingi zilivyo. Pia maji huila polepole, kwa hiyo itayarishwe papo hapo. Unga wa zinki au chuma pamoja na asidi ya haidrokloriki ni wa haraka na wa bei nafuu, mradi uoshe metali yote itoke, na haitoki kirahisi.

Asidi ya haidroayodiki ni habari nyingine. Kama tayari una utando mkavu wa oksidi na unataka ubaki utando, Pei na wenzake mwaka 2010 waliuzamisha ndani ya asidi hiyo ya asilimia 55, 100 °C, saa moja. Utando ulibaki mzima na kupitisha umeme kiasi cha siemens 29,800 kwa mita. Haidrazini hutoa gesi ndani ya utando na kuuvimbisha kama mandazi. Gharama ni mvuke unaokula kila chuma kilicho karibu, na ayodini inayohitaji kuoshwa kwa ethanoli.

## Ohm 40

Sasa turudi kwenye rangi.

Chukua oksidi ileile, usiweke vitamini C hata chembe, weka sodiamu haidroksidi na upashe moto. Nayo inakuwa nyeusi. Sehemu ya weusi huo ni oksijeni iliyotoka kweli, sehemu ni uchafu wa oksidi uliokuwa umejibandika juu ya kurasa ukiyeyuka na kuondoka. Jicho haliwezi kutofautisha. Ndiyo maana kila jaribio linahitaji chupa ya pili iliyo na kila kitu isipokuwa kiondoa oksijeni, ikapikwa muda uleule, ikawekwa kando ya ya kwanza.

Vipo vipimo visivyohitaji mashine ya mamilioni. Cha kwanza ni mizani. Oksidi yenye kaboni mbili kwa kila oksijeni ina oksijeni asilimia 40 kwa uzito, ukiacha haidrojeni pembeni. Ukifikisha uwiano wa 12 kwa 1, oksijeni inabaki asilimia 10. Kwa hiyo miligramu 100 za oksidi kavu haziwezi kukupa zaidi ya 67 hivi, na kwa kuwa oksidi "kavu" huwa bado imebeba maji, 55 hadi 60 ni jibu la kuaminika zaidi. Ukipata 90 na ukafurahi, umepima maji au chumvi.

Cha pili ni mwanga. Kwenye spektrofotomita ya kawaida, kilele cha mwanga unaofyonzwa na oksidi kiko nanomita 231. Kwa vitamini C hiyo ya dakika 15 husogea hadi 268. Kikikwama njiani, tuseme 255, kazi haijaisha hata kama chupa ni nyeusi kama lami.

Cha tatu ndicho ninachokipenda. Chuja mililita 100 za mchanganyiko wako kwenye chujio la milimita 47 lenye vitundu vya mikromita 0.2. Miligramu 6 hivi zitasambaa kwenye eneo la sentimita 12 za mraba na kukupa utando wa mikromita 3 au zaidi kidogo. Uache ukauke, kata kipande cha mraba, paka rangi ya fedha kwenye pande mbili zinazotazamana, weka maltimita. Ripoti ile ya Fernández-Merino ilitaja siemens 7,700 kwa mita kwa vitamini C. Kwa unene huo ni takriban ohm 40. Ukisoma 60 au 100, uko kwenye njia. Ukisoma mamilioni, una oksidi nyeusi.

Eksirei inasaidia pia: oksidi ina kilele kwenye digrii 10 au 11, nacho hutoweka na badala yake hutokea mwinuko mpana karibu na 24. Ukiona kilele chembamba kwenye 26.5, hiyo ni kinywe iliyopita katikati ya kila hatua bila kuguswa.

Raman, kipimo kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, ndiyo inayowachanganya watu. Uwiano wa kilele cha D (cha kasoro na kingo) kwa kile cha G (cha kaboni iliyopangika) mara nyingi *hupanda* baada ya oksijeni kuondoka, na mwanafunzi anaandika kwamba ameharibu sampuli. Hajaiharibu. Visiwa vipya vidogo vya kaboni safi vimezaliwa, vingi na vidogo, na kingo zao zinahesabiwa. Raman inaona pia yale matundu ya kaboni dioksidi, ambayo hakuna kiondoa oksijeni kilichowahi kuyaziba.

## Lebo

Shirika la viwango la ISO, katika waraka wake wa istilahi wa mwaka 2017, limeipa oksidi iliyoondolewa oksijeni jina lake peke yake, mbali na grafini. Mwaka 2018 utafiti uliopima sampuli za wazalishaji 60 duniani ulikuta wengi wao wakiuza bidhaa yenye chini ya asilimia 10 ya grafini. Kilichobaki kilikuwa hasa kinywe iliyosagwa. Kwa hiyo yule wa kalamu ya wino mzito hayuko peke yake, na chupa yake huenda ni ya kweli kuliko nyingi zilizonunuliwa.

Hata hivyo ningeifuta lebo ile. Ningeandika: oksidi ya grafini iliyoondolewa oksijeni, kinywe mesh 80, oksidishwa saa 12 kwenye 50 °C, vitamini C milimola 2, pH 9.5, 95 °C, dakika 15, nanomita 268, ohm 55 kwa mraba, mikromita 3. Chini yake tarehe ya kupika, na tarehe ya kila mara kizibo kilipofunguliwa, kwa sababu kila kikifunguliwa amonia kidogo inatoka, na chupa iliyofunguliwa mara nyingi mno itaonyesha mstari wa maji maangavu juu na tope jeusi chini.